Nimerudia vitabu vya utotoni kipindi hiki cha vita. Kumbe vita vilikuwa ukurasa wa kwanza

Fundi_Vipuri (mleta mada), Tanga

Wakuu, habari za usiku.

Marehemu mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulipogawana vitu vyake ndugu zangu walichukua cherehani, kabati la vyombo na kanga mpya alizokuwa akiziweka akiba. Mimi nikaangukiwa na sanduku la bati la vitabu. Likakaa stoo miaka, juu yake nimelaza betri mbovu na maboksi ya pleti za klachi. Mwezi uliopita binti yangu wa miaka minane kalifungua, anatafuta karatasi za kufunikia madaftari. Mchwa walishaingia kona moja. Vilivyopona ni kumi na kitu, na cha juu kabisa kilikuwa The Lion, the Witch and the Wardrobe cha C. S. Lewis, nakala ya msaada yenye muhuri wa maktaba ya huko Uingereza. Nyumbani tulikiita kile cha kabati.

Nilikisoma nikiwa darasa la sita kwa Kiingereza cha kuungaunga, mama akiniokoa kwenye maneno magumu. Ninachokumbuka ni theluji, ile nguzo ya taa katikati ya msitu, na simba. Vita? Ungeniuliza mwaka jana ningekuapia kwamba mle hakuna vita zaidi ya vile vya mwisho, vya simba na mchawi.

Basi tumeanza kukisoma usiku kabla ya kulala, kurasa nne tano, mimi nikitafsiri papo kwa papo. Siku ya kwanza nafungua tu, sentensi ya pili hiyo hapo: watoto wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, walipelekwa mbali na London wakati wa vita kwa sababu ya mashambulizi ya ndege.

Binti akanishika mkono. "Ndege gani, baba? Kama wale wa Abraha?"

Nilicheka kwanza. Anasoma madrasa, Alam tara, ile sura ya Kurani ya jeshi la Abraha lililopigwa na ndege, anaijua kwa moyo, na ndege wanaoshambulia kwake ni ababili wenye vijiwe. Nikamwambia hapana, si ndege hao, ni ndege hizo. Lugha yetu imevipa vitu viwili neno moja, mtoto hawezi kujua mpaka asikie kama wanaruka au zinaruka. Akakaa kimya anaipanga kichwani. Halafu likaja la pili.

"Na mama yao je? Kabaki kule kule kwenye ndege?"

Nikatazama kitabuni. Hakuna. Nikafunua mbele kidogo, nako hakuna. Watoto wameshafika kwa profesa mzee, maili kumi kutoka stesheni ya treni, kuna Bi Macready asiyependa kelele, mvua inanyesha, wanatafuta pa kuchezea. Mama hayumo. Nikamwambia tutamwona huko mbele. Nilidanganya, maana kitabu nakijua.

Yeye kalala, mimi nikabaki na simu. Mnajua kilichomo kwenye simu zetu siku hizi. Gaza, Sudan, Ukraine, Kivu, unasukuma kwa kidole huku unapiga mwayo. Usiku ule nikaiacha ile mikanda, nikaenda kusoma habari za ile sentensi moja.

Nilichokuta ni kwamba mwanzoni mwa Septemba 1939 Serikali ya Uingereza iliwahamisha watu wapatao milioni 1.5 kutoka mijini ndani ya siku chache, wengi wao watoto wa shule, kila mmoja na mfuko wake na kinyago cha kujikinga na gesi. Wazazi wengi waliwaaga hapo hapo shuleni au getini stesheni, bila kujua mtoto anashushwa kijiji gani. Huyo Lewis mwenyewe aliwapokea baadhi yao nyumbani kwake Oxford. Na alikuwa anavijua vita. Alifika mitaroni Ufaransa akiwa na miaka 19, Aprili 1918 akajeruhiwa na kombora. Rafiki yake Paddy Moore hakurudi, na Lewis akamtunza mama wa rafiki yake kwa miaka mingi baadaye. Mtu wa namna hiyo, alipokaa kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1950, vita akavipa sentensi moja kisha akawafungulia watoto mlango wa kabati.

Nilipokuwa darasa la sita nilipanda nao ile treni bila kugeuka nyuma. Safari hii nimebaki stesheni na mama yao.

Nauliza: kuna mwingine aliyerudia kitabu cha utotoni akakuta kitu alichokiruka? Msinicheke, mtu mzima na hadithi za watoto.

Kichwa_Ngumu

Mkuu mimi nacheka. Watu wanakufa huko duniani, wewe umejifungia na simba anayeongea. Huko ni kujificha kabatini tu, tena na wewe.

Sista_Zamu, Dodoma

Kichwa_Ngumu umeanza.

Mleta mada, mimi ni muuguzi. Nilikisoma sekondari, nikakirudia mwaka juzi wakati mwanangu anakifanyia zoezi la shule. Nataka ufike sura za mwisho, baada ya yale mapigano. Lucy amepewa kile kichupa cha dawa, tone moja linaponya. Anamkuta kaka yake Edmund yuko hoi, amejaa damu, anamtia tone mdomoni, kisha anasimama palepale anamwangalia kama itafanya kazi. Aslan, yule simba, anamwambia kuna wengine nao wanakata roho. Mtoto anajibu kwa hasira, anasema ngoja kidogo. Ndipo simba anamuuliza kama ni lazima wafe wengine zaidi kwa ajili ya Edmund.

Nikiwa msichana niliona simba kamwonea. Kaka yake yule!

Sasa niwaambie. Kuna usiku tuliletewa majeruhi wa basi, zaidi ya thelathini kwa mpigo, sisi wauguzi wanne na daktari mmoja. Kazi ya kwanza ukiwa mlangoni si kutibu, ni kufunga utepe wa rangi mkononi. Nyekundu huyu aingie sasa hivi, njano huyu asubiri, kijani anatembea mwenyewe, na nyeusi mnaijua. Katika wale wa njano alikuwemo mtoto wa shangazi yangu. Aliniita kwa jina la nyumbani. Nikamfunga njano nikaenda kwa mwingine. Mpaka leo kwenye misiba tukikutana ananitania kwamba nilimruka kama debe tupu. Anatania, lakini anakumbuka.

Aliyeandika ule ukurasa aliwahi kulala chini akisubiri kufikiwa. Hilo sikuambiwa na mtu, nimelisoma mle mle.

Binti_Pangani, Toronto

Mleta mada umenigusa. Huku nafanya kazi ya kulea wazee, na bibi mmoja ninayemhudumia ana rafu nzima ya vitabu vya L. M. Montgomery. Wengi tunamjua kwa yule Anne mwenye nywele nyekundu. Kuna cha mwisho mwisho kwenye mfululizo ule, Rilla of Ingleside, cha mwaka 1921. Hicho sikuwahi kukisikia nikiwa nyumbani, na ndicho ambacho mleta mada angekitafuta, kwa sababu ni vita vya mbali vikitazamwa kutoka jikoni.

Kinaanza hivi. Mwaka 1914, kisiwa cha Prince Edward, mchana mzuri. Susan, mama anayepika kwa akina Anne, ameketi na gazeti, amejipumzisha baada ya kazi. Ukurasa wa mbele umeandika kwamba mtu mkubwa fulani aitwaye Ferdinand kauawa mahali penye jina la ajabu, Sarajevo. Susan hajishughulishi. Anafunua haraka aende kwenye habari za kijiji chake, nani kaja kumtembelea nani.

Nilisimama kusoma hapo. Maana tarehe 15 Aprili 2023 asubuhi nilikuwa kwenye basi, ikapita habari ya milio ya bunduki Khartoum. Nikaisukuma juu, nikaenda kwenye kundi la kamati ya harusi ya mdogo wangu, harusi ya baada ya Idi, tulikuwa tunabishana rangi ya sare. Susan ni mimi, wakuu. Mpaka ule ubishi wa sare naukumbuka, waliotaka zambarau walishinda.

Kadiri kitabu kinavyokwenda yule mpishi anageuka jemadari. Anasoma ramani, anagombana na majina ya miji. Kuna Przemysl, jina lile linamkaba kama mfupa wa samaki. Mimi nami nilikuwa siijui El Geneina iko wapi. Sasa naijua, naijua na El Fasher, kwa sababu dada tunayepokezana naye zamu ni wa Darfur, na akipokea simu natazama uso wake kabla sijamsalimu.

Vitu viwili sitavisahau. Rilla ana miaka kumi na tano, anataka kucheza dansi tu, kisha anakuta kichanga kimefiwa na mama, baba yuko vitani, anakibeba nyumbani ndani ya bakuli kubwa la supu kwa kukosa kitu kingine. Na yule mbwa. Kijana wa kwanza wa nyumba ile anapopanda treni kwenda vitani, mbwa wake anabaki stesheni na hakubali kuondoka. Kila treni ikija anaipokea. Miaka yote ya vita, anaipokea.

Anatuma_Salamu, London

Dada hapo juu kwa mbwa wa stesheni umenimaliza.

Nami nina cha stesheni, kifupi. Yule dubu Paddington, mwenye kofia. Kitabu cha kwanza kilitoka 1958. Anakutwa stesheni amekaa juu ya sanduku, shingoni ana kipande cha karatasi kinachoomba mtu amtunze dubu huyu, asante. Michael Bond alisema picha hiyo aliitoa kwa watoto waliohamishwa wakati wa vita, walikuwa wanafungwa majina shingoni. Na yule rafiki yake muuza vitu vya kale, Bwana Gruber, ni mkimbizi wa Hungaria. Mimi nilikuwa naona dubu anayependa jemu ya machungwa tu.

Mwaka 2022 akina mama wa Ukraine walikuwa wanawaandikia watoto majina na namba za simu mgongoni kwa kalamu. Niliona picha moja nikazima simu.

Fundi_Vipuri

Sista, usiku wa jana sikulala kwa ajili ya hiyo nyekundu na njano.

Binti kauliza swali jingine. Tumefika pale Edmund anapokutana na yule malkia mchawi, anapewa zile peremende laini za Kituruki zilizopakwa unga wa sukari, ukoo mmoja na halua. Anakula boksi zima na kuwauza ndugu zake ili apate nyingine. Binti hakuelewa. "Kwa halua tu, baba?" Na mimi utotoni nilimdharau Edmund kwa hilo hilo, nikaona kajiuza rahisi.

Nimechimba. Uingereza peremende ziliwekwa kwenye mgawo tangu Julai 1942. Vita vikaisha 1945, mgawo ukabaki. Mwaka 1949 wakajaribu kuuondoa, watu wakavamia maduka mpaka ukarudishwa baada ya miezi michache, na haukuisha mpaka Februari 1953. Maana yake kitabu kilipotoka 1950, mtoto aliyekuwa akikisoma alikuwa na kadi ya mgawo. Boksi zima, la peke yako, bila kadi! Yule msomaji hakumdharau Edmund, alimeza mate.

Wazee wetu wa foleni za sukari miaka ya themanini mwanzoni wangeelewa mara moja. Mama alikuwa ananituma kupanga jiwe kwenye foleni ya duka la kaya usiku. Nikamhadithia binti, akaniuliza jiwe lilikuwa linapewa sukari. Tukaishia hapo.

Kichwa_Ngumu

Sawa, nimesoma yote, mnaandika vizuri. Lakini hoja yangu iko palepale. Vitabu vya Wazungu, vita vya Wazungu, huruma ya Wazungu. Sisi tulisoma nini chetu? Mimi nilichosoma shuleni ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, nacho ni Mzungu anatafuta almasi za watu.

Mzee_wa_Kyaka, Bukoba

Wanangu, mimi si mwandikaji sana, mjukuu ananisaidia kuchapa.

Huyo kijana Kichwa_Ngumu amekitaja kitabu ambacho nina deni nacho. Mashimo ya Mfalme Sulemani, Kiswahili alichokitia Frederick Johnson tangu enzi za Mwingereza. Oktoba 1978 nilikuwa darasa la tano, kijiji chetu kipo kaskazini ya mto Kagera. Mwalimu mmoja aliniazima nakala yake binafsi, akanionya nisiikunje. Nilikuwa nimefika kwenye vita, pale Umbopa amekwisha kujulikana kuwa ndiye mfalme wa haki Ignosi, na majeshi yanakwenda kupambana na Twala, mfalme aliyenyakua kiti.

Mwisho wa mwezi ule askari wa Amin wakaingia. Sisi tuliondoka usiku. Baba alichukua panga na ndama mmoja, mama alimbeba mdogo wangu na sufuria yenye maharage nusu kuiva. Mimi nilikuwa na mkoba wa shule kwa sababu hakuna aliyeniambia niuache. Tukavuka mto kabla daraja la Kyaka halijalipuliwa. Upande wa pili, chini ya mti, watu wamejaa, ng'ombe wanalia, nikatoa kitabu nikaendelea na vita ya Ignosi. Mama alinitazama tu. Alikuwa anawahesabu watu wetu waliovuka, mimi nikawa nahesabu waliokufa kitabuni, kwa furaha, kama mabao ya mpira.

Nimekirudia mwaka huu, kipo toleo jipya madukani. Kuna kikosi chenye manyoya ya kijivu kichwani. Wanaambiwa wakasimame kwenye kale kaulimi ka nyasi, wamzuie adui mpaka wenzao wazunguke ubavuni. Wote wanajua hawarudi, na wanaitikia. Nilipokuwa mtoto sehemu hiyo niliipita mbio nifike pale Twala anapokatwa kichwa. Safari hii nilikwama kwenye nyasi zile siku mbili. Katika vijana wa kijiji chetu waliojiunga na mgambo mwaka ule, wawili nilicheza nao gololi kwa sababu walikuwa kaka za rafiki zangu.

Kitabu sijakirudisha. Tuliporudi 1979 shule haikuwa na mabati wala madirisha, na yule mwalimu sikumwona tena. Ninacho. Kurasa hazijakunjwa.

Sista_Zamu

Shikamoo mzee. Mwambie na mjukuu shikamoo yake ya kuchapa.

Kichwa_Ngumu

Shikamoo mzee wangu. Nimenyamaza.

Kahawa_Meru, Arusha

Marahaba ya mzee ikifika na mimi niongezee kidogo, kwa sababu habari ya vita vya Wazungu na sisi si mbali kama Kichwa_Ngumu anavyodhani.

Kwetu Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi, karibu na chuo cha mifugo. Misalaba imepangwa safi, miti mirefu. Nilipita pale nikienda shule miaka saba bila kujiuliza. Hao walikuwa raia walioondolewa makwao na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, baadaye wakaachiwa, wakapitia Uajemi, na mwaka 1942 Mwingereza akawaleta Tanganyika. Tengeru walifika wapatao 5,000, wengi ni akina mama na watoto. Walikaa kwenye vibanda vya mviringo vilivyoezekwa nyasi, wakajenga kanisa na shule, wakalima. Bibi yangu alikuwa anawauzia ndizi, na alijua kuhesabu kwa Kipolandi mpaka kumi mpaka anafariki.

Ndiyo nikatafuta kitabu cha watoto cha kwao. Nikapata cha Janusz Korczak, habari za mfalme mtoto aitwaye Matt, cha mwaka 1923. Baba yake anakufa, anatawazwa angali mdogo, wafalme watatu wa jirani wanamtangazia vita, naye anatoroka ikulu kwenda mstari wa mbele kwa jina la bandia. Mitaro, chawa, njaa, vyote vimo, mwandishi alikuwa daktari wa jeshi anajua anachosema. Halafu kitabu kinahamia Afrika. Wafalme wala watu! Nikakitupa kitandani.

Nikakirudia baada ya wiki. Kuna binti wa mfalme wa huko, Klu-Klu, anasafiri kwenda Ulaya amejificha kwenye kasha la nyani ili afike kwa Matt. Na yule binti anawazidi akili na ujasiri watoto wote wa kule. Kwa hiyo sijui nifanye nini na kitabu hiki. Mtu aliyetuandika vile ndiye yule yule ambaye Agosti 1942, Warsaw, alikataa kuokolewa peke yake, akaenda na watoto wapatao 200 wa kituo chake cha yatima mpaka Treblinka. Mwaka huo huo akina mama wa Tengeru wanashuka kwenye malori, na bibi yangu yuko barabarani na ndizi zake. Nimeshindwa kuvitenganisha. Wanangu sijawasomea bado.

Mama_Neema, wa Goma

Yambo. Nasoma huu uzi tangu jana bila kuandika.

Mnasema vita ya mbali. Mie ni wa Goma, kwetu Majengo. Tuko Kampala tangu Februari 2025, mie na watoto watatu, mume wangu alibaki kuangalia nyumba kisha akatufuata. Kwa hiyo huo ukurasa wa kwanza mnaosema mliuruka, sie ndio tuko mule.

Hicho kitabu cha kabati watoto wangu wanakijua. Kanisani walikuwa wanaonyesha ile filamu siku ya Jumamosi. Neema ana miaka tisa. Unajua anachopenda? Si simba. Anapenda mwisho, pale wamekuwa wafalme wakubwa, wamesahau, wanafuata yule paa mweupe mpaka kwenye nguzo ya taa, mara wanadondoka nje ya kabati, wamerudi watoto, na saa ni ile ile waliyoingia. Hakuna kilichopita. Hiyo njo anarudia kila siku. Ananiambia, mama, tukirudi itakuwa vile, chai yetu itakuwa bado ya moto.

Mie nikiwa kijana ile sehemu iliniudhi, niliona wamenyang'anywa ufalme. Sasa simkatalii. Nyumba yetu kuna watu wengine ndani, jirani alituma picha, wameanika nguo kwenye kamba yangu. Lakini mie ni nani wa kumwambia mtoto kwamba chai imepoa?

Kwa yule binti wa Tanga aliyeuliza mama yao yuko wapi. Mwambie mama yao alikuwa na kazi nyingi siku hiyo. Alikuwa anatafuta soksi.

Kichwa_Ngumu

Mama Neema pole sana, na Mungu awarudishe.

Jamani mimi kitabu cha watoto ninacho kimoja tu ndani, Mwana Mdogo wa Mfalme, cha Mfaransa, nilikinunua Dar kwa ajili ya picha. Hicho nina uhakika hakina vita. Ni rubani, jangwa, kondoo na ua.

Binti_Pangani

Kaka, soma pale kabla ya sura ya kwanza, anapotaja amemwandikia nani.

Kichwa_Ngumu

Nimekitoa. "Kwa Léon Werth." Anawaomba watoto radhi kwamba kitabu amempa mtu mzima. Anasema huyo mtu yuko Ufaransa, ana njaa na anaona baridi.

Dah.

Binti_Pangani

Huyo Werth alikuwa Myahudi, amejificha, nchi imeshikwa na Wajerumani. Saint-Exupéry, mwandishi mwenyewe, yuko New York anachora kondoo. Kitabu kikatoka Aprili 1943, naye akarudi kurusha ndege za upelelezi. Tarehe 31 Julai 1944 aliruka kutoka Corsica, hakuonekana tena. Werth ndiye aliyebaki hai.

Kichwa_Ngumu

Yaani mwenye njaa akapona na aliyemwonea huruma ndiye akaenda. Nilinunua kwa ajili ya picha mimi.

Fundi_Vipuri

Wakuu, nimechelewa kurudi, dukani kulikuwa na mzigo.

Mama Neema, lile la soksi nimemfikishia kama lilivyo. Alilitafakari, akasema mama wa watoto wanne anatafuta soksi nane. Kisha akataka kujua Neema anakaa Kampala sehemu gani na kama kuna bahari. Nimemwambia bahari hakuna, kuna ziwa. Ameridhika.

Leo tumefika mapiganoni. Sista, ile kona ya mchwa niliyoisema ndiyo hiyo hiyo. Edmund ameanguka, Lucy ameitwa aje na kichupa, nafunua, ukurasa una tundu la ukubwa wa kiganja, na unaofuata hauko kabisa. Ningeweza kumhadithia kwa kichwa, ulishanipa yote, lakini binti amekataa. Anasema nisome, nisiseme. Mwenye nakala nzima anipigie picha kurasa mbili tu, kuanzia pale Lucy anapopiga magoti.

Sista_Zamu

Ninayo, ya mwanangu. Niko kazini mpaka saa moja asubuhi, nikifika nyumbani nakutumia kabla sijalala. Yeye amelala?

Fundi_Vipuri

Bado. Amekaa kitandani na kitabu mapajani, kidole kakiweka kwenye tundu.